Uvimbe wa nadra wa tezi parathairoidi: kwa nini daktari amekataa kuuchoma sindano

SWALI: Kaka yangu ana umri wa miaka 43 na tunaishi Mombasa. Ameshatolewa mawe ya figo mara mbili, kisha mapaja na mbavu zikaanza kumuuma hadi akawa hawezi kupanda ngazi. Safari hii alipimwa damu, ikaonekana kalsiamu ni milimoli 3.7 kwa lita na homoni ya PTH ni pikogramu 940 kwa mililita. Shingoni, upande wa kushoto, ana kivimbe kinachoshikika kwa vidole. Daktari wa upasuaji anasema huenda ni uvimbe wa nadra wa tezi parathairoidi na anataka kuutoa pamoja na nusu ya tezi thairoidi, lakini amekataa katakata kuuchoma sindano ili tujue kwanza kama ni saratani. Wazee wetu wanaona anaharakisha mambo. Marehemu mama yetu naye aliwahi kutolewa uvimbe wa taya, ingawa sijui kama unahusika. Je, tumwamini, au tutafute daktari mwingine atakayekubali kupima kwanza?

JIBU: Dada yangu, nianze na lile linalowatatiza wazee: daktari huyo ana haki ya kukataa sindano, na kama mngempata mwingine aliye tayari kuuchoma uvimbe huo, ningewasihi mumkimbie. Hata hivyo, katika barua yako kuna mambo mawili yanayonihangaisha kuliko sindano yenyewe. La kwanza ni kwamba kalsiamu ya 3.7 haingoji kikao cha familia, kwa hiyo inapaswa kuanza kushushwa hospitalini sasa, kabla hata ya tarehe ya upasuaji kupangwa. La pili ni uvimbe wa taya wa marehemu mama yenu, ambao umeutaja mwishoni kana kwamba ni jambo la pembeni. Kwangu mimi si la pembeni hata kidogo, na sijui kama daktari wa upasuaji ameshaelezwa habari hiyo.

Ili wazee waelewe sababu, ni vizuri wajue tezi hizi ni kitu gani. Nyuma ya tezi thairoidi, ile ambayo ikivimba watu huiita goita, kwa kawaida kuna vitezi vinne, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele na uzito wa miligramu 30 hadi 50 hivi. Ni vidogo kiasi kwamba wataalamu wa anatomia walivipita kwa karne nyingi, mpaka Ivar Sandström, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Uppsala, Uswidi, alipovieleza kwa binadamu katika andiko lake la mwaka 1880. Licha ya ujirani wao, vitezi hivi havifanyi kazi moja na thairoidi. Kazi yao ni kupima kalsiamu ya damu wakati wote, na ikipungua hutoa homoni ya PTH, ambayo huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, huzuia figo zisiipoteze kwenye mkojo, na huziamsha figo zitengeneze vitamini D kamili ili utumbo nao ufyonze kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikipanda, vitezi vyenye afya hunyamaza.

Kwa kaka yako havikunyamaza. Kiwango cha kawaida cha kalsiamu katika maabara nyingi ni kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, na cha PTH hakizidi pikogramu 65 hivi kwa mililita. PTH yake imepita kikomo hicho zaidi ya mara 14 wakati kalsiamu iko juu, na mambo haya mawili yakikutana jibu ni karibu moja tu, yaani haipaparathairoidi ya msingi: tezi yenyewe imeacha kutii. Nasisitiza hili kwa sababu katika ukanda wetu kalsiamu ikionekana juu, mawazo huenda upesi kwenye kifua kikuu au saratani iliyosambaa mifupani. Magonjwa hayo kweli hupandisha kalsiamu, ila kwa kawaida huiacha PTH ikiwa imeshuka, kwa kuwa tezi zenye afya huona kalsiamu imezidi na kuacha kutoa homoni. Kwa hiyo kipimo kile cha pili kimewaokoa na mzunguko mrefu. Mkibadilisha maabara, angalieni kipimo kilichotumika, kwa maana zipo zinazoandika kalsiamu kwa miligramu kwa desilita, na 3.7 yenu itasomeka karibu 14.8. Ni kiasi kilekile.

Sasa tuje kwenye aina ya uvimbe. Kati ya wagonjwa 100 wenye haipaparathairoidi ya msingi, 80 hadi 85 hivi huwa na adenoma moja, uvimbe usio saratani katika tezi moja, na wengi wa waliosalia huwa na tezi mbili au zaidi zilizokua. Saratani ya tezi parathairoidi haifiki hata mgonjwa mmoja kati ya 100. Katikati ya makundi haya kuna uvimbe mwingine usioonekana mara nyingi. Ipo adenoma kubwa mno, yenye uzito wa gramu kadhaa badala ya nusu gramu au gramu moja. Ipo iliyojaa maji, ambayo kwenye altrasaundi huweza kudhaniwa kuwa uvimbe wa kawaida wa thairoidi. Ipo iliyochanganyika na mafuta kwa wingi, na hiyo humpotosha hata mtaalamu wa patholojia, yule anayechunguza tishu kwa hadubini, kwa sababu mafuta mengi ndani ya tezi hii kwa kawaida ni dalili ya uzima. Zipo pia adenoma zilizokulia mahali pasipotarajiwa, kama ndani ya thairoidi yenyewe, nyuma ya umio au kifuani karibu na moyo, kwa kuwa tezi hizi husafiri wakati mtoto akiumbwa tumboni na nyingine hupitiliza kituo chake.

Kwa kaka yako, sababu ya daktari kuifikiria saratani naiona bila shida. Adenoma ya kawaida huwapata wanawake mara tatu hivi kuliko wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi, na karibu kamwe haishikiki kwa vidole kwa sababu ni ndogo na laini. Saratani huwapata wanaume na wanawake sawasawa, mara nyingi wakiwa katika miaka ya arobaini au hamsini. Huja na kalsiamu inayozidi milimoli 3.5 na PTH iliyopita kikomo mara nyingi, tena huumiza figo na mifupa kwa pamoja, na shingoni kukawa na kitu kigumu cha kushika. Nikisoma barua yako nakuta karibu kila kipengele cha orodha hiyo. Ungeniambia na sauti yake imekuwa ya kukwaruza bila mafua, wasiwasi wangu ungezidi, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoendesha sauti hupita hapo hapo.

Na bado sisemi ni saratani. Vigezo hivyo vimetokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa nchi ambako kalsiamu hupimwa kwa kila mtu anayetolewa damu. Katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, kipimo hicho kilipoanza kufanywa kwa mashine kwa wagonjwa wote katikati ya mwaka 1974, idadi ya waliogunduliwa kuwa na haipaparathairoidi iliruka ghafla, na wengi wao hawakuwa wakiumwa kitu cha kuonekana. Kwetu kalsiamu hupimwa kwa nadra, na mawe ya figo hutolewa bila mtu kuuliza yametoka wapi, hivyo mgonjwa hufika baada ya miaka mingi akiwa na adenoma isiyo saratani iliyopata muda wa kunenepa na kuitafuna mifupa. Mgonjwa wa aina hiyo naye anaweza kuwa na kalsiamu ya 3.7 na kivimbe cha kushika. Ndiyo maana daktari amewaambia “huenda”, na neno hilo lisiwafanye mdhani kwamba anababaisha.

Hapo ndipo wazee wanapouliza, na ni swali la haki: kama haijulikani, si tuchukue kinyama kwa sindano tujue? Taabu ni kwamba sindano haiwezi kujibu swali hilo. Seli za saratani hii na seli za adenoma hufanana mno chini ya hadubini. Kinachozitofautisha ni tabia ya uvimbe kwa tishu zilizouzunguka: je, umepenya ganda lake na kuingia kwenye misuli au thairoidi, umeingia ndani ya mishipa ya damu, umefuata mishipa ya fahamu? Hayo huonekana tu uvimbe ukiwa mzima mezani pamoja na mazingira yake. Sindano huleta seli chache zilizokatwa na majirani zao, na wakati mwingine mtaalamu hushindwa hata kuzitenganisha na seli za thairoidi. Kwa hiyo mngelipa gharama, mkangoja wiki kadhaa, na karatasi ingerudi na maneno yasiyobadilisha uamuzi.

Lililo baya zaidi ni kwamba sindano inaweza kumwaga seli katika njia inayopita. Seli za parathairoidi zina tabia ya kuota zinapoangukia, na kila kipunje kilichoota kitatoa PTH kama mama yake. Mgonjwa aliyefikwa na hali hiyo huweza kuwa na vivimbe vidogo vidogo vilivyotapakaa kwenye nyama ya shingo, visivyokwisha kwa upasuaji wowote, hata kama uvimbe wa mwanzo haukuwa saratani. Zaidi ya hayo, sindano huacha damu na makovu, na makovu hayo humchanganya daktari wa upasuaji anapotafuta mpaka wa uvimbe na humchanganya mtaalamu wa patholojia anapotafuta dalili za kupenya.

Kwa hiyo katika ugonjwa huu mpangilio umepinduka: upasuaji hutangulia na jina la ugonjwa hufuata. Nafasi bora ya kupona kabisa, na kwa wengi nafasi pekee, ni upasuaji wa kwanza. Daktari anayeshuku saratani hauchokonoi uvimbe nje ya ganda lake kama afanyavyo kwa adenoma ya kawaida. Anautoa ukiwa mzima, pamoja na nusu ya thairoidi iliyoshikamana nao na tishu za karibu, bila kuupasua. Tezi za limfu huondolewa zikionekana kuhusika, na mshipa wa sauti huachwa isipokuwa umekwisha kuvamiwa. Kama baadaye itabainika haikuwa saratani, kaka yako atakuwa amepoteza nusu ya thairoidi, na watu wengi huishi vizuri na nusu iliyobaki, wengine wakihitaji kidonge kimoja cha homoni kwa siku. Kama ilikuwa saratani na uvimbe ukapasuliwa kwa kudhaniwa adenoma, hasara yake hairekebishiki kwa urahisi. Nikilinganisha hasara hizi mbili, mimi nasimama upande wa daktari wenu bila kusita.

Kabla ya siku hiyo kuna vipimo vya picha, na hivi msivikatae. Altrasaundi ya shingo huanza. Hufuatiwa na picha ya nyuklia ya sestamibi, ambayo huonyesha tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na siti skani ya shingo na kifua, ili kuona kama uvimbe umeshikana na majirani na kama mapafu ni safi. Msemo kwamba “uvimbe umeonekana, skani ya nini tena” umewahi kugharimu watu. Charles Martell, nahodha wa meli wa Marekani ambaye mifupa yake ililainika hadi akapungua kimo kwa sentimita nyingi, alipasuliwa mara saba. Adenoma yake ilipatikana mara ya saba tu, mwaka 1932, kifuani, naye akafariki wiki chache baadaye kwa matatizo ya figo. Leo picha nzuri ingeionyesha kabla ya kisu cha kwanza.

Nirudi kwenye kalsiamu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoua katika ugonjwa huu kuliko ukubwa wa uvimbe. Kwa kiwango cha 3.7 mtu hukojoa sana, hukauka, hutapika, hufunga choo, huchanganyikiwa, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kaka yako alazwe, apewe dripu za maji ya chumvi kwa wingi huku figo na moyo vikiangaliwa, kisha madaktari waamue kuhusu dawa za kuzuia mifupa isiendelee kumomonyoka, kama asidi ya zoledroniki ikiwa figo zinaruhusu, au denosumabu. Ipo pia sinakalseti, kidonge kinachoidanganya tezi ione kalsiamu ni nyingi kuliko ilivyo na hivyo kupunguza PTH. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2004, na saratani ya parathairoidi ni mojawapo ya sababu zilizotajwa. Haiui uvimbe, na si kila duka la dawa linayo, lakini huweza kumpa mgonjwa muda.

Nyumbani, tafuteni kila kidonge anachomeza. Mtu akiumwa mifupa, jamaa humnunulia kalsiamu na vitamini D kwa nia njema. Kwa hali yake viachwe mpaka daktari aseme vinginevyo. Dawa za kukojosha za aina ya thayazidi, ambazo wengi huzitumia kwa shinikizo la damu, nazo hupandisha kalsiamu, hivyo kama anazo ataje mapema. Maji anywe ya kutosha.

Siku ya upasuaji, kama hospitali ina uwezo wa kupima PTH papo hapo, matokeo ya kutia moyo ni PTH kushuka kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika 10 baada ya uvimbe kutoka, kwa kuwa homoni hii haidumu katika damu zaidi ya dakika chache. Baada ya hapo mtaona jambo litakalowashangaza: mtu aliyekuwa na kalsiamu nyingi kupita kiasi ataanza kupewa kalsiamu kwa dripu. Mifupa iliyonyonywa kwa miaka itaifyonza kwa pupa, na kalsiamu ya damu inaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Ganzi mdomoni na kwenye ncha za vidole, na misuli kukaza, ni dalili za kumwita muuguzi palepale, hata usiku wa manane. Kwa mtu mwenye maumivu ya mifupa kama yake nategemea hali hiyo itokee, na daktari aliyejiandaa atakuwa ameshaandika kalsiamu na kalsitrioli, yaani ile vitamini D kamili, kwenye karatasi yake tangu mapema.

Ripoti ya patholojia inaweza kusema mojawapo ya mambo matatu. Ikisema adenoma, mmepona hofu. Ikisema saratani, maana yake kupenya kumeonekana wazi. Lakini inaweza pia kusema uvimbe usio wa kawaida wa parathairoidi, jina ambalo Shirika la Afya Duniani lililiweka katika uainishaji wake wa mwaka 2022 kwa uvimbe wenye sura ya kutia shaka, kama tepe nene za kovu na seli zinazogawanyika kwa wingi, bila ushahidi wa kupenya. Wengi wenye ripoti hiyo hawaugui tena, lakini hufuatiliwa kama watu wanaoweza kuugua. Ombeni maabara ihifadhi vipande vya uvimbe, na iulizwe kama inaweza kupima protini iitwayo parafibromini, ambayo kutoweka kwake ndani ya seli huongeza shaka ya saratani na huelekeza kidole kwenye urithi.

Ikiwa ni saratani, msikate tamaa wala msidanganywe. Hukua polepole, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ila karibu nusu hurudiwa na ugonjwa, mara nyingi hapo hapo shingoni, au kwenye mapafu, mifupa na ini, na kuna waliorudiwa baada ya zaidi ya miaka 10. Tibakemia haijaonyesha faida ya kutegemewa, na mionzi hutumika kwa wachache. Silaha ya maana ikirudi ni kisu tena, kwa sababu hata kuondoa sehemu ya uvimbe hupunguza PTH. Basi atapimwa kalsiamu na PTH kila baada ya miezi michache mwanzoni, na baadaye kwa nafasi pana zaidi maisha yake yote, hata akijisikia mzima kabisa.

Sasa taya ya mama. Inawezekana ulikuwa uvimbe wa kawaida usiohusiana. Inawezekana pia ulitokana na PTH kula mfupa, na uvimbe wa namna hiyo hupona wenyewe tezi mbovu ikitolewa. Lakini ipo hali ya kurithi inayotokana na hitilafu katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo CDC73, iliyotambuliwa mwaka 2002, ambayo huleta pamoja uvimbe wa parathairoidi, uvimbe mgumu wa mfupa wa taya, matatizo ya figo kama vifuko vya maji, na kwa wanawake uvimbe wa mfuko wa uzazi. Katika familia za aina hiyo saratani ya parathairoidi si ajabu tena kama ilivyo kwa watu wengine. Hata kati ya wagonjwa wa saratani hii wasio na historia yoyote ya familia, wapo wengi kiasi wanaokutwa na hitilafu hiyo ya kuzaliwa nayo. Kama kuna karatasi yoyote ya upasuaji wa mama iliyobaki kabatini, mpelekeeni daktari kabla ya upasuaji, kwa sababu ikithibitika ni urithi, ataziangalia tezi zote nne badala ya ile moja tu.

Mwenye hitilafu hiyo ya jeni humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kipimo cha jeni ni ghali na huenda sampuli ikalazimika kusafirishwa, lakini kalsiamu ya damu hupimwa karibu katika kila hospitali. Watoto wa kaka yako wapimwe. Nawe pia, dada, ambaye umeniandikia barua nzima bila kujitaja: pima kalsiamu na PTH wiki hii, na kama umewahi kuambiwa una uvimbe kwenye kizazi au kwenye taya, mwambie daktari huyo huyo wa kaka yako.